Kununua na Kulinda Msitu kwa Pamoja Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wakazi wa Nairobi na kaunti zinazopakana nayo wanaofikiria kuchangishana ili wanunue kipande cha msitu kabla hakijakatwa vipande na kuuzwa kama ploti, pamoja na wale ambao tayari wana msitu jirani na wanataka kujua sheria inawapa nafasi gani ya kuulinda. Hayachukui nafasi ya wakili wala mpima ardhi, bali yatawasaidia kwenda kwao mkiwa na maswali yanayofaa.

Je, tunaweza kununua sehemu ya Karura, ya Msitu wa Ngong Road au ya msitu mwingine wa serikali?

Hapana. Misitu hiyo ni ardhi ya umma chini ya Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010, na yeyote anayewatajia bei yake anauza kitu kisicho chake. Mipaka ya msitu wa umma haibadilishwi kwa uamuzi wa ofisa mmoja, hata awe na cheo gani. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inataka ombi lifikishwe mbele ya Bunge.

Kinga hiyo ilipatikana kwa gharama kubwa. Karura na Ngong Road zilitangazwa rasmi kuwa misitu mwaka 1932, lakini hilo halikuzuia sehemu zake kumegwa na kugawiwa watu binafsi. Msitu wa Ngong Road, ambao ulikuwa na hekta 2,926, leo umebaki na takriban hekta 1,224 tu. Katika miaka ya mwisho ya 1990, wakati maeneo ya Karura yalipokuwa yamegawiwa wawekezaji, Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti mle ndani, na tarehe 8 Januari 1999 wakashambuliwa na kujeruhiwa. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u ilichunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma kote nchini na kukamilisha ripoti yake mwaka 2004. Ripoti hiyo inaonyesha jinsi misitu, kingo za mito na hata viwanja vya shule vilivyogeuzwa kuwa mali ya watu binafsi.

Wapo wanaoamini kwamba hatimiliki ikishapita mikononi mwa watu wawili au watatu, dosari yake ya mwanzo huwa imesahauliwa. Si hivyo. Kifungu cha 40(6) cha Katiba kinasema ulinzi wa mali haufiki kwenye mali iliyobainika kupatikana kinyume cha sheria, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, ilikataa kumkinga mnunuzi ambaye ardhi yake ilitokana na ugawaji usiofuata utaratibu, ingawa yeye aliinunua kwa mtu mwingine. Kikundi kinachonunua msitu uliomegwa kutoka kwa ardhi ya umma, hata kwa nia njema kabisa ya kuuhifadhi, kinaweza kupoteza kila shilingi.

Basi wananchi wana nafasi gani katika misitu ya umma?

Wana nafasi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Sheria hiyo ya 2016 inawaruhusu wanaoishi karibu na msitu waunde chama cha jamii cha misitu, maarufu kama CFA, wakisajili chini ya Sheria ya Vyama, kisha waombe kushiriki katika usimamizi pamoja na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Wakikubaliwa na kutia saini mkataba, wanaweza kupewa haki kama vile kuokota kuni, kuvuna asali na dawa za miti, kukata nyasi, na kuendesha shughuli za elimu na utalii.

Mfano ulio karibu ni Friends of Karura Forest, iliyoanzishwa mwaka 2009. Wakati ule mtu mwenye akili timamu hakuingia Karura peke yake, kwa sababu ya majambazi. Ua wa umeme ulijengwa kwa michango, askari wa msitu wakaajiriwa na kufunzwa, baadhi yao wakitoka katika makazi jirani kama Huruma, na msitu ukafunguliwa kwa umma. Leo familia zinatembea mle na watoto wao, na mbega wamerejeshwa kutoka Kipipiri. Arboretum na City Park nazo zina jumuiya zao za marafiki ambazo zimekuwa zikipanda, zikisafisha na zikipiga kelele kila unyakuzi unaponukia.

Kama misitu ya umma haiuzwi, ni ardhi gani inayoweza kununuliwa?

Ni ardhi ya kibinafsi yenye hatimiliki halali ambayo bado ina miti ya asili: mabonde yaliyoachwa katikati ya mashamba ya zamani ya kahawa upande wa Kiambu, vipande vya msitu wa nyanda kavu kuelekea Karen, Ngong na Ongata Rongai, na vichaka vya Kajiado na Machakos vinavyopakana na njia za wanyamapori. Ndani ya jiji bei ni kikwazo cha kweli, kwani ekari moja Karen huuzwa kwa makumi ya mamilioni ya shilingi. Vikundi vingi vitalazimika kutazama nje ya mipaka ya kaunti.

Ardhi ya jamii, yakiwemo yaliyokuwa maranchi ya vikundi, ina utaratibu tofauti. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, uamuzi wa kuihamisha unahitaji kuungwa mkono na angalau theluthi mbili ya wanachama waliosajiliwa. Maoni yangu ni kwamba kikundi cha mjini hakina sababu ya kwenda kununua ardhi ya namna hiyo. Inafaa zaidi kukubaliana na wenyewe kuhusu matumizi yake.

Kukodi nako ni njia ya kulinda, na pengine ndiyo inayofaa zaidi kwa wenye mfuko mdogo. Kusini mwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, mpango wa kuwalipa wenye mashamba wa Kitengela ulianza mwaka 2000. Mwenye ardhi alilipwa takriban shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka ili asiweke ua, asigawanye shamba na asichimbe mawe, na malipo yakapangwa yaangukie wakati wa kufungua shule, ambapo kila mzazi anahitaji fedha taslimu za karo. Walioupanga mpango huo walielewa maisha ya waliokuwa wakizungumza nao.

Kingo za mito ziangaliwe kwa jicho lake. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 zinazuia kilimo na ujenzi katika ukanda wa kati ya mita 6 na mita 30 kila upande, kulingana na upana wa mto, ukipimwa kutoka alama ya juu kabisa ya mafuriko. Muuzaji asiwatoze bei ya ploti ya kujenga kwa ardhi ambayo haiwezi kujengwa.

Mwenye shamba ni mzee tunayemfahamu, anaipenda miti yake na hajawahi kukata hata mmoja. Kwa nini tuhangaike kununua?

Kwa sababu sheria haimwangalii mzee peke yake. Akifariki, shamba litaingia katika mirathi, warithi watano au wanane watapata kila mmoja haki yake, na mmoja wao atakuwa na mgonjwa hospitalini au deni la benki. Hakuna ubaya wa mtu hapo. Ndivyo mabonde mengi ya Kiambu yalivyoisha: hayakuuzwa na waliokuwa wakiyapenda, yaliuzwa baada yao.

Hata hivyo kununua si lazima. Nendeni kwa mzee mkamsikilize kabla ya kutaja bei. Wako wazee wasiotaka kuuza kabisa lakini wangefurahi kuhakikishiwa kwamba msitu hautaguswa, na kwao iko njia ambayo watu wachache wanaijua. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inairuhusu mahakama kutoa haki ya hifadhi juu ya ardhi ya mtu, yaani sharti la kutokata, kutojenga au kutofukia chemchemi, ambalo huandikwa katika rejista ya ardhi na kuendelea kumfunga kila mmiliki anayefuata, ama kwa kipindi fulani ama milele. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2013 nayo ina utaratibu unaofanana na huo. Ardhi inabaki kuwa ya familia, watoto wanaweza kuirithi na hata kuiuza, ila sharti linabaki pale pale. Kama matumizi ya ardhi yamepunguzwa, mwenye ardhi ana haki ya kudai fidia, na hapo ndipo mchango wa kikundi unapoingia.

Mazungumzo haya yasifanywe na mzee peke yake. Mke wake na watoto wake watu wazima wawepo tangu siku ya kwanza, si kwa heshima tu bali pia kwa sababu ardhi ikiwa ni mali ya ndoa haiwezi kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Mama anayeambiwa habari za msitu baada ya mkataba kuandikwa ana kila sababu ya kukataa.

Sisi ni chama cha akiba tayari. Kwa nini tusinunue kwa majina ya viongozi wetu watatu?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote, na kosa linalofanyika hapa halionekani hadi miaka kumi baadaye.

Wakenya wana uzoefu mrefu wa kununua ardhi kwa pamoja. Baada ya uhuru, kampuni za kununua ardhi zilikusanya shilingi za maelfu ya watu wadogo na kununua mashamba ya walowezi. Vyama vya kina mama, vya waumini na vya wafanyakazi wenza vinaendelea kufanya hivyo hadi leo. Lakini karibu kila mara lengo limekuwa lilelile: tununue pamoja, kisha tugawane. Katiba za vyama hivyo, fomu zao, hata mazoea ya mikutano yao, vimeundwa kwa ajili ya kugawana. Kununua msitu ni kununua bila kugawana, na chombo kilichoundwa kwa lengo la kwanza hakiwezi kutumikia la pili kwa sababu tu wanachama wana nia njema.

Chukulieni hatimiliki yenye majina ya mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kama wameandikishwa kuwa wamiliki wa pamoja wasiogawika, mmoja akifariki sehemu yake inawaendea wawili waliobaki, na wa mwisho kuishi anabaki kuwa mmiliki wa msitu mzima machoni pa sheria. Kama wameandikishwa kuwa kila mmoja ana fungu lake, basi fungu la marehemu linakwenda kwa warithi wake, ambao hawajawahi kuhudhuria mkutano wenu hata mmoja. Katika hali zote mbili, wanachama wengine mia moja waliochanga hawaonekani popote.

Kuna njia mbili ambazo huwa nazipendekeza zijadiliwe na wakili. Moja ni wakfu wenye wadhamini waliosajiliwa chini ya sheria ya wadhamini wa kudumu, ili ardhi iandikwe kwa jina la chombo chenyewe na isitikisike mdhamini mmoja anapofariki au kujiuzulu. Nyingine ni kampuni isiyo na hisa chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015, ambayo wanachama wake hawamiliki mafungu, hawapati gawio, na huahidi tu kiasi kidogo cha fedha endapo itafungwa. Kwa kuwa hakuna hisa, hakuna cha kuuza, cha kurithisha wala cha kuwekea rehani.

Kuchagua chombo hakutoshi. Andikeni waziwazi kwamba ardhi haitauzwa, haitagawanywa, haitawekwa dhamana ya mkopo na haitajengwa isipokuwa kwa yale yaliyotajwa. Kisha kifanyeni kifungu hicho kuwa kigumu kubadilisha kuliko vingine. Azimio maalumu la kampuni hupita kwa asilimia 75 ya kura, na kizazi kijacho cha wanachama kinaweza kuzifikisha bila shida bei ya ardhi ikipanda. Ndiyo maana inafaa kuongeza haki ya hifadhi iliyosajiliwa, kama ile iliyoelezwa juu, ili hata wanachama wote wakibadili mawazo bado kuwe na sharti lililo nje ya mikono yao.

Wazo hili si geni kwetu. Katika miji ya pwani, nyumba na mashamba yaliyowekwa wakfu kwa ajili ya msikiti hayauzwi, hayatolewi zawadi wala hayarithiwi. Makaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, yamehifadhi miti ya kale kwa sababu wazee waliyaweka nje ya biashara kabisa, na mwaka 2008 UNESCO ikayaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wajumbe wakisema kwamba mpango huu ni wa kizungu, wakumbusheni hayo.

Fedha zitatoka wapi, na tutarajie gharama zipi zaidi ya bei ya ardhi?

Fedha huanza na wenyewe. Wafadhili wa nje huuliza kwanza jirani wamechanga nini, na swali hilo ni la haki. Mchango mdogo wa watu wengi una faida nyingine: jamii iliyotoa shilingi mia mbili mia mbili italala macho msitu ukiguswa, kuliko jamii iliyoletewa zawadi.

Duniani kote miradi ya namna hii imeanza kwa kidogo. Mwaka 1987 watoto wa shule moja ya msingi nchini Uswidi walianza kuchangisha fedha za kununua msitu wa mvua nchini Kosta Rika, shule nyingi za nchi nyingine zikafuata, na leo hifadhi hiyo iliyoitwa Msitu wa Milele wa Watoto ina zaidi ya hekta 22,000. Kule Langholm, kusini mwa Uskoti, wakazi wa mji mdogo walinunua takriban ekari 5,200 mwaka 2021 na ekari nyingine 5,300 mwaka 2022 kutoka kwa mwenye ardhi mkubwa, kwa jumla ya takriban pauni milioni 6, wakaanzisha hifadhi ya asili. Kwetu Kenya, Nature Kenya na A Rocha Kenya zimenunua ardhi katika msitu wa Dakatcha, kaunti ya Kilifi, anakozaliana kwera wa Clarke, ndege asiyepatikana popote pengine duniani ila katika eneo hilo la pwani.

Kuhusu gharama, ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani ya ardhi ikiwa iko mjini na asilimia 2 ikiwa iko mashambani, nao hulipwa na mnunuzi. Ongezeni ada ya wakili, ya mpima ardhi, ya mthamini, na ada za ardhi za kaunti zitakazoendelea kudaiwa kila mwaka hata kama shamba halizalishi kitu. Kodi ya faida ya mauzo, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15, ni mzigo wa muuzaji. Msikubali iingizwe kimyakimya katika bei.

Michango ipitie akaunti ya kikundi, kamwe isipitie simu ya mtu binafsi, na taarifa isomwe katika kila mkutano. Semeni tangu mwanzo, kwa maandishi, fedha zitarudishwa vipi lengo lisipofikiwa.

Tuchunguze nini kabla ya kulipa amana?

Fanyeni sachi rasmi kwa msajili wa ardhi, ambayo kwa Nairobi sasa hufanyika kupitia mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021. Itaonyesha jina la mmiliki, rehani na vizuizi. Msiishie hapo. Ulizeni historia yote ya shamba tangu lilipotolewa mara ya kwanza, kwa sababu baada ya uamuzi wa 2023 wa kesi ya Dina Management mizizi ya hati ina uzito uleule wa hati yenyewe. Linganisheni ramani na mipaka iliyotangazwa ya msitu wa umma ulio karibu. Kama ni ardhi ya kilimo, ombeni kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ndani ya miezi sita tangu mkataba, kwani bila kibali hicho mauzo ni batili.

Kisha ingieni shambani na mpima ardhi aliyesajiliwa, mkiwa na panga na viatu vigumu. Vigingi vya mpaka katika mabonde haya mara nyingi ni vyuma vifupi vilivyoshikizwa kwa saruji, na vinapatikana chini ya lantana, kichaka cha kigeni, iliyosongamana kiasi kwamba mtu anapita juu yake bila kujua. Dalali atawaonyesha mstari wa miti na kuapa kwamba ndio mpaka. Kataeni, hata jua liwe limezama, hadi kila kigingi kifukuliwe, kipimwe na kipigwe picha mbele ya majirani wa pande zote. Mara nyingi sehemu iliyo nzuri kuliko zote, yenye chemchemi na mikuyu mikubwa, hubainika kuwa iko upande wa pili wa kigingi, na bei yote mliyokubaliana ilikuwa imejengwa juu yake.

Ulizeni pia ni nani anayetumia ardhi hiyo sasa. Mama anayelima sukuma wiki kandokando ya kijito kwa miaka mingi huenda hana karatasi, lakini ana maisha pale, na mnapaswa kuzungumza naye kabla ya kulipa, si baada.

Je, jamaa walio ughaibuni na marafiki wasio Wakenya wanaweza kushiriki?

Mkenya aliye nje ana haki sawa na aliye nyumbani. Asiye raia anaweza kuchanga kadiri apendavyo, lakini Kifungu cha 65 cha Katiba kinamruhusu kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa kuwa ya raia pale tu inapomilikiwa na raia wote. Kwa wakfu nako, wanufaika wote wawe raia. Uanachama wa wageni uwekwe katika tawi la marafiki lisilo na haki juu ya ardhi.

Tukishanunua, msitu hautajitunza wenyewe?

Msitu mkubwa ulio mbali na watu ungeweza. Kipande cha ekari kumi kilichozungukwa na nyumba hakiwezi. Lantana na miti mingine ya kigeni huingia kutoka kingo na kuzima miche ya asili. Mikaratusi iliyopandwa zamani hunywa maji ya chemchemi. Moto wa takataka za jirani hupanda kilima siku ya upepo. Kung'oa lantana ni kazi ya mikono, ya kurudia mwaka hadi mwaka, nayo ifuatwe mara moja na upandaji wa miche, la sivyo itarudi ikiwa nene zaidi.

Pandeni miti ya hapa: muhugu, mukinduri, muthiga, mutamaiyu, muu. Muhugu hukua polepole mno, na kwa kuwa wachonga vinyago waliupenda, umeadimika katika misitu mingi, kwa hiyo hata michache mliyo nayo ni hazina. Okoteni mbegu katika msitu wenyewe au ulio karibu, mkijenga kitalu chenu badala ya kununua miche isiyojulikana asili yake. Pale ambapo miti mama bado imesimama, mara nyingi inatosha kuzuia mifugo na kung'oa magugu, halafu udongo utaotesha wenyewe kilichokuwa kimelala.

Msitu wa kibinafsi unaweza kusajiliwa na KFS ili mpate ushauri wa kitaalamu. Fanyeni hivyo mapema.

Tutawafanyaje majirani wanaoingia kuokota kuni?

Zungumzeni nao kabla ya kujenga ua. Katika vitongoji vyetu vingi gesi ni ghali na makaa ni ghali, na mama anayebeba mzigo wa kuni kichwani si adui wa msitu. Mwekeeni siku maalumu, aruhusiwe kuni zilizokauka zilizo chini, bila panga. Atakuwa pia jicho lenu, kwa sababu yeye huingia msituni mara nyingi kuliko mwanachama yeyote anayeishi ghorofani. Kazi za askari, za kitalu na za kusafisha njia zitolewe kwa majirani kwanza. Na kama kuna mugumo ambao wazee huenda kuomba chini yake, njia ya kuufikia isifungwe.

Ua unaowatenga maskini na kuwaachia wenye magari msitu wa kutembezea mbwa utavunjwa, na utakuwa umestahili kuvunjwa.

Je, biashara ya hewa ya kaboni, yaani kuuza hati za kaboni iliyofyonzwa na miti, inaweza kulipia gharama?

Kwa kipande kidogo, hapana, hata mawakala waseme nini. Gharama za kupima, kukaguliwa na kusajiliwa huwa kubwa mno kwa ekari chache. Miradi iliyofaulu ina mazingira yake. Mikoko Pamoja, katika ghuba ya Gazi, Kwale, inalinda hekta 117 za mikoko, ambayo huhifadhi kaboni nyingi sana katika matope yake, na imekuwa ikiuza hati za kaboni tangu 2013 kwa manufaa ya maji na shule za vijiji viwili. Wakala akija, mkumbusheni kwamba marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2023 yanataka mkataba wa maendeleo na jamii kwa miradi iliyo katika ardhi ya umma na ya jamii, na kwamba kwa miradi ya ardhini sehemu ya jamii ni angalau asilimia 40 ya mapato. Kwa msitu mdogo wa Nairobi, mizinga ya nyuki, miche na ada ndogo ya ziara za shule ni mapato ya kweli zaidi.

Na serikali ikitaka kupitisha barabara au nyaya za umeme katika msitu wetu?

Inaweza kuichukua ardhi kwa manufaa ya umma kupitia Tume ya Kitaifa ya Ardhi, kwa notisi na fidia ya haki. Si lazima mkubali kimya. Mradi wa namna hiyo huhitaji tathmini ya athari za mazingira mbele ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na maoni ya umma ni sehemu ya tathmini hiyo. Pelekeni yenu kwa maandishi, pamoja na orodha ya miti, ndege na chemchemi iliyoandaliwa mapema. Leseni ikitolewa bila kuwasikiliza, mna siku 60 za kukata rufaa katika Baraza la Kitaifa la Mazingira. Aidha, Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Mahakama inayosikiliza mashauri hayo ni ya Mazingira na Ardhi.

Kwa sababu hiyo anzeni kuweka kumbukumbu mwaka wa kwanza, wakati hakuna anayewatisha. Picha zenye tarehe na daftari la ndege lililojazwa na wanafunzi wa shule jirani ni ushahidi unaoweza kuwekwa mezani.

Jumuiya ikivunjika, ardhi itakwenda kwa nani?

Iandikeni katika katiba yenu sasa, mkiwa bado mnapendana. Tajeni aina ya chombo kitakachopokea, kwa mfano jumuiya nyingine ya uhifadhi isiyogawa faida, shule ya umma iliyo jirani au serikali ya kaunti kwa sharti la hifadhi, na mpate kwanza ridhaa ya maandishi ya chombo hicho, kwa sababu msitu ni mzigo wa kulipiwa ada na kulindwa, na kuna taasisi ambazo hazitaupokea. Msipoandika, wafilisi wataufanyia msitu kile wanachofanyia mali nyingine yoyote: watatafuta mnunuzi anayelipa zaidi.